Fomu Inayouliza Asili

Barua ya sensa ilifika nyumbani kwa Lazare, kule Guildford, mwishoni mwa Julai, mwaka ule wa pili wa Korona. Ninyi mliokaa magharibi ya Sydney miezi ile hamhitaji kusimuliwa. Tumefungiwa ndani, mwisho wa kutembea kilomita tano, barakoa puani, helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa yetu kutwa nzima, huku wenzetu wa ufukweni wanaonyeshwa kwenye televisheni wakitembeza mbwa na vikombe vya kahawa mkononi. Nisilianze hilo, maana nitakasirika na hadithi haitakwenda. Nasema tu kwamba barua ilifika, ndani yake mna namba ya siri ya kujaza fomu kwa mtandao, na Lazare aliifurahia.

Aliifurahia, ndiyo, usimcheke. Lazare ni Mrundi aliyekaa kambini Tanzania miaka kumi na mmoja, na mtu wa kambini ukimwambia anakwenda kuhesabiwa, anaoga na kuvaa nguo ya kanisani. Kambini kuhesabiwa ndiko kula. Siku ya hesabu watu walijipanga tangu alfajiri, kila mtu anachovya kidole kwenye wino, na ambaye hakuwepo, hata kama alikuwa amelazwa hospitali, unga wake ulikatwa mpaka hesabu nyingine. Basi ile barua aliiweka juu ya friji, chini ya bakuli la chumvi, na kila akirudi kazini anainua bakuli kuona kama bado ipo.

Kazi yake ilikuwa kufanya usafi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Granville. Nyumbani alikaa na binti yake mmoja tu, Armelle, msichana wa miaka ishirini. Mama yake Armelle, Goreth, alifariki kambini kwa malaria mtoto akiwa na miaka minne, na Lazare akamlea peke yake, akamsuka nywele peke yake, vibaya, mpaka walipofika Australia mwaka 2007 na akina mama wa kanisani wakamhurumia mtoto. Sasa Armelle alikuwa chuo kikuu cha Kensington. Lazare alitaka asomee uuguzi, kama mabinti wa watu wote tunaowajua, lakini yeye akachagua historia. Tena historia ya Australia. Lazare alipoulizwa na wenzake binti anasomea nini, alijibu, "Mambo ya ofisi," akageuza mazungumzo. Mwaka ule chuo kilikuwa kimefungwa, Armelle akisoma kwa kompyuta kwenye meza ya jikoni, na Jumamosi akiuza kwenye duka la vyakula karibu na stesheni.

Nikwambie jambo moja kuhusu Lazare: mtu yule aliipenda Australia kupita Waaustralia wenyewe. Kile kijitabu cha mtihani wa uraia alikikariri chote, akajua rangi za bendera na maana ya nyota zake, akajua wanajeshi wao walitua Galipoli, kule Uturuki, mwaka gani katika vita vya kwanza vya dunia. Siku ya kuapishwa kwenye bustani ya manispaa alivaa tai. Lakini alichokipenda hasa hakikuwa kitabuni. Alipenda kwamba miaka kumi na minne hakuna mtu aliyemuuliza yeye ni kabila gani. Walimuuliza katoka wapi, tena mara tano kwa siku, na akijibu Afrika wakaridhika. Kwa Lazare, huo ndio ulikuwa Uaustralia wenyewe, kuachwa uwe Mwafrika tu, na basi.

Jumapili, siku mbili kabla ya siku ya sensa, walimaliza ibada kwenye kompyuta wakakaa mezani kujaza fomu. Armelle anasoma na kuandika, Lazare kaketi pembeni na kitambulisho chake mkononi ingawa hakuna aliyemuomba. Jina likaenda, umri ukaenda, mahali pa kuzaliwa pakaenda. Likaja swali kama mtu ni wa asili ya Waaborijini, wale wenye nchi. Armelle akaandika hapana, halafu akaacha kuandika, akaanza somo. Mtoto yule alikuwa hivyo, humpi nafasi asianze somo. Akamweleza baba yake, kwa Kiingereza chake kile cha Sydney, kwamba katiba ya nchi hii ilipoandikwa iliagiza Waaborijini wasijumlishwe kwenye hesabu ya watu, na maneno hayo hayakufutwa mpaka watu walipopiga kura mwaka 1967. Lazare alitikisa kichwa sana. Akasema kwa Kiswahili kwamba hata kambini, pamoja na shida zote, hawakuwahi kuwaacha watu waliosimama mbele yao. Armelle akafurahi kwamba kwa mara ya kwanza baba yake amesikiliza somo lake hadi mwisho.

Halafu likaja swali lililofuata. Asili ya mtu huyu ni ipi? Unaruhusiwa kuandika mbili.

Lazare akakirudisha kitambulisho mfukoni. Mikono akaificha chini ya meza.

Hapa lazima nirudi nyuma, maana bila hilo utamwona mzee huyu kichaa. Mwaka 1996 Lazare alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, amemwoa Goreth miezi minne tu iliyopita. Kwao kuna makabila mawili makubwa yaliyouana kwa zamu. Majina yake sitayataja. Yanajulikana, na yametajwa vya kutosha. Lazare alikuwa wa upande mmoja na Goreth wa upande mwingine, na kabla mambo hayajaharibika hilo halikumzuia mtu kuoa. Yalipoharibika wakatoka watatu kwa miguu kuelekea mpaka wa Tanzania: Lazare, Goreth, na mdogo wake Goreth, msichana wa miaka kumi na saba. Siku ya tatu, mchana kweupe, wakakuta gogo limelazwa njiani na vijana wenye mapanga wamelikalia. Walikuwa vijana wa upande wa Lazare. Mmoja wao akauliza asili ya kila mtu. Lazare akajieleza, wakamwamini. Akasema huyu ni mke wangu, ni wetu huyu. Wakamtazama Goreth kwa muda mrefu, wakakubali. Kisha wakamwonyesha yule msichana kwa kidole. Lazare akaona akisema na huyu ni wetu, watasita, na wakisita watamrudia Goreth wamchunguze upya. Akasema simjui, tumekutana naye njiani.

Wakampisha yeye na mkewe. Msichana akabaki pale kwenye gogo, na mpaka leo hakuna anayejua alizikwa wapi, kama alizikwa. Jina lake lilikuwa Armelle.

Goreth hakulitaja jambo hilo hata siku moja. Walifika kambini, wakajenga kibanda, wakapanga foleni za unga, na miaka mitano baadaye alipojifungua mtoto wa kike, mkunga akauliza jina, Goreth akalisema kabla mumewe hajafungua mdomo. Fikiria mwenyewe. Miaka ishirini mtu anaita, Armelle njoo ule, Armelle vaa koti, Armelle zima taa, na kila akiita anamwita pia yule wa kwenye gogo. Binti hakuambiwa kitu. Aliambiwa ndugu za mama yake waliisha vitani, jambo ambalo ni kweli, na kwamba jina lake ni la Kifaransa, jambo ambalo ni kweli pia. Lazare aliogopa kitu kimoja tu duniani, kwamba mtoto huyu, aliyebaki naye peke yake, siku moja ajue na amwache.

Basi, asili. Lazare akasema andika Mwaustralia. Na kweli neno lenyewe lilikuwepo kwenye orodha, pamoja na Mwingereza na Mwairishi na Mchina, unabonyeza tu. Armelle akacheka. Akamwambia uraia si asili, Papa, wanauliza wazee wako walikuwa watu gani. Lazare naye akaleta hoja yake, na haikuwa mbaya. Pale kazini kuna bibi wa miaka tisini na mbili ambaye babu wa babu yake aliletwa Sydney na Waingereza akiwa mfungwa, kwa kuiba kondoo. Familia ile ililificha jambo hilo vizazi vitatu. Mama yake bibi alichoma makaratasi kwa aibu. Leo wajukuu wanalipia watu wawatafutie jina la yule mwizi, wamelitia kwenye fremu, wamelitundika ukutani. Lazare alikuwa akiipangusa vumbi ile fremu kila Jumatano. Akasema, unaona, hata wazungu wa nchi hii walificha kwanza, wakaonyesha baadaye, ilipokuwa haimuumizi mtu tena. Sisi bado tuko kwenye kuficha. Andika Mwaustralia.

Ilikuwa hoja nzuri, lakini Armelle alikuwa na jambo lake. Wiki iliyotangulia, baada ya ibada ya kwenye kompyuta, mzee Symphorien wa kanisani, ambaye mdomo wake hauna mlango, alikuwa amemsifu kwamba amefanana na babu yake mzaa mama, mtu mashuhuri wa watu wale. Watu gani, Armelle akauliza. Symphorien akastuka, akaanza kulalamika kwamba sauti inakatika.

"Papa, mama alikuwa wa upande mwingine," Armelle akasema. "Kweli au si kweli?"

Lazare alisema tena, andika Mwaustralia, mara mbili ikibidi. Sauti yake ilikuwa imepanda. Armelle akamtazama, na wala hakuhitaji jibu jingine. Akainamia kompyuta akaandika majina ya makabila mawili, la baba kwenye mstari wa kwanza, la mama kwenye wa pili, kwenye sehemu yake mwenyewe. Kwa baba yake akabonyeza Mwaustralia kama alivyotaka. Lazare aliposimama kusoma na kuyaona majina yale yamekaa pamoja kwenye fomu ya serikali, aliifunga kompyuta kwa kishindo, nusura abane vidole vya mwanawe. Armelle alikuwa ameshatuma.

Siku hiyo waligombana kama hawajawahi. Lazare alimtaka apige simu serikalini wafute. Armelle akasema hakuna anayefuta, hakuna anayejali, ni hesabu tu, hakuna atakayekuja kumshika mtu kwa sababu ya hesabu. Lazare akamwambia hajui anachosema. Armelle akajibu kwamba hajui kwa sababu hajawahi kuambiwa, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Kuanzia hapo wakawa hawasemeshani. Anayepika anaacha chakula kwenye sufuria, mwenzake anakuja kula akiwa peke yake.

Sasa ona wiki yenyewe ilivyokuwa imepangwa, kana kwamba shetani ndiye aliyeshika kalenda. Wiki ileile ndiyo wanajeshi walianza kuonekana mitaani kwetu. Walikuwa wakifuatana na polisi kugonga nyumba za watu waliotakiwa kujitenga, kuona kama wamo ndani, na kuwauliza kama wana chakula. Hawakubeba silaha. Lakini gwanda ni gwanda. Jumatatu Lazare aliwaona nyumba ya pili kutoka kwake. Jumanne akawaona upande wa pili wa barabara, wawili, na askari polisi mwanamke mwenye karatasi, na yule mwanamke alisoma jina kwenye karatasi kabla ya kubisha hodi. Lazare alilitazama hilo kutoka nyuma ya pazia. Wana orodha, akajiambia, na orodha wameipata Jumapili.

Kazini alimuuliza Jepchumba, nesi Mkenya aliyekuwa akimheshimu na kumwita mzee, kama hao wanajeshi wanatafuta nini hasa. Jepchumba akamweleza vizuri, taratibu, kwamba ni mambo ya Korona tu, mtu akikaa karibu na mgonjwa anaandikiwa siku kumi na nne, nao wanapita kuhakikisha. Lazare alielewa kila neno. Alimshukuru, akachukua ndoo yake, na jioni akasimama tena nyuma ya pazia.

Kumbe Jumatano asubuhi, Lazare akiwa kazini, simu ya Armelle ilipata ujumbe. Mtu mwenye Korona alikuwa amepita dukani kwao Jumamosi, na yeye ndiye aliyemhudumia. Aende akapime, kisha asitoke nyumbani mpaka Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alikwenda akapima, akarudi, akajifungia. Alitaka kumwambia baba yake. Jioni ile alisimama nyuma ya mlango wake na barakoa usoni, akasikia baba anavyoosha sahani yake moja na kuipanga, akashindwa aanzeje baada ya siku tatu za kununiana. Akajiambia atamwandikia ujumbe majibu yakitoka. Alikosea, na yeye mwenyewe anasema alikosea.

Alhamisi, saa tisa na nusu mchana, Lazare ndio kwanza amevua viatu vya kazini, mlango ukagongwa. Akachungulia. Askari mwanamke na karatasi yake, na wanajeshi wawili nyuma yake, vijana, mmoja amesimama kwenye majani na mwingine kwenye njia ya kuingilia gari.

Angeweza kutokufungua. Lakini kule alikotoka, usipofungua wanavunja, na wakivunja wanakuwa na hasira. Akafungua nusu, akasimama kwenye upenyo, mwili wake umeuziba wote. Askari akamsalimu kwa upole, akajitambulisha, akatazama karatasi. Akasema wanamtafuta Armelle Ntwari.

"Simjui," Lazare akasema. "Nakaa peke yangu."

Alisema kwa Kiingereza safi, bila kigugumizi, yeye ambaye hata kuagiza mkate humchukua dakika. Askari akasoma tena ile anwani, ndiyo yenyewe. Akasoma namba ya simu. Akamweleza kwamba binti huyu ametakiwa awe ndani ya nyumba hii, kwamba kama hayumo ni kosa kubwa, na kwamba kudanganya polisi ni kosa jingine. Lazare hakusikia habari ya Korona hata moja. Alisikia jina linasomwa kwenye karatasi, akaona buti kwenye majani yake.

"Hakuna mtu wa jina hilo kwangu," akasema. "Nimekwambia simjui."

Mwanajeshi wa kwenye njia alikuwa anatazama viatu vilivyopangwa nje kando ya mlango, raba nyeupe za kike zenye kamba za waridi. Akamwonyesha askari. Sura ya yule mwanamke ikabadilika, upole ukapungua. Akamwomba Lazare asogee pembeni. Lazare akakataa, akaushika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Mzee wa watu, mfupi, soksi miguuni, amewazuia watu watatu wa serikali. Ningekuwa simjui ningecheka.

Nyuma yake ukasikika mlango wa chumbani ukifunguliwa. Armelle akatoka mpaka katikati ya ukumbi, barakoa usoni, akasimama mbali kama alivyoagizwa. Alikuwa amesikia yote tangu hodi ya kwanza. Akasema kwa sauti ya kufika nje kwamba yeye ndiye Armelle, yumo ndani tangu jana, hajatoka, na huyu ni baba yake.

 Askari alimtazama Lazare, akamtazama msichana, na ukiwaza kama polisi utaelewa alichowaza: mwanamume anaziba mlango, anasema msichana hayupo, kumbe yupo. Akamuuliza Armelle, juu ya bega la baba yake, kama yuko salama humo ndani na mtu huyu, na kama angependa kutoka kuzungumza pembeni.

Armelle alichelewa kujibu. Hazikuwa sekunde nyingi, lakini Lazare alizihesabu zote, na alikuwa amempa mgongo, hakuweza kumwona uso. Akasikia anajibu kwamba yuko salama. Baba yangu anaogopa sare, akasema, msimfanyie chochote, hajui mmekuja kwa nini. Kisha akawaeleza yale ya duka na ya kipimo, na ndipo maneno yakaanza kumfikia Lazare, moja moja, kwa kuchelewa. Askari akaandika. Akamwambia Lazare naye asiende kazini mpaka majibu ya binti yatoke, akamwonya kwa yale aliyosema, akasema safari hii atayaacha. Akauliza kama wana chakula cha kutosha. Yule mwanajeshi wa kwenye majani, kijana wa umri wa Armelle, alimtakia mzee siku njema, wakaenda nyumba nyingine.

Lazare akafunga mlango, akauegemea.  Armelle alikuwa palepale ukumbini, mita tatu au nne mbele yake, anafuta machozi kwa mkono wa sweta.

Na alipozungumza, alizungumza Kiswahili. Mtoto huyu tangu darasa la pili ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, nyumba nzima imezoea. Sasa alikitafuta Kiswahili chake kile cha kambini, kimevunjika vunjika, akampa baba yake. Akamwomba msamaha kwa kutokumwambia habari ya ujumbe. Akasema amejua kwa nini alimkana. Alidhani wamekuja kwa sababu ya ile fomu, si ndiyo? Lazare akaitikia kwa kichwa. Armelle akasema yeye ni mjinga, aliandika majina yale kwa hasira, hakufikiria baba yake ataishi vipi na hofu hiyo.

"Ulisema hunijui ili wasinichukue," akasema. "Papa, asante."

Lo! Laiti angemtukana. Lazare angeweza kuipokea ile asante, akanyamaza, na mambo yakaisha hapo. Wangepika, wangekula, kila mtu kwenye kona yake, baba shujaa na binti yake. Mlango ulikuwa umefungwa, hakuna aliyejua, na mtu wa pekee aliyejua alikuwa amelala kwenye makaburi ya kambi. Alikaa na ile asante mpaka ikamshinda. Hakuweza kuimeza.

"Usinishukuru," akasema. "Maneno yale nilishawahi kuyasema. Na siku ile sikuyasema ili mtu asichukuliwe. Niliyasema ili achukuliwe yeye."

Akamweleza. Alisimama, mgongo kwenye mlango, akamweleza yote, gogo na mapanga na wale vijana, na msichana wa miaka kumi na saba, na jina la msichana. Hakujitetea. Alipofika kwenye jina, Armelle alikaa chini, sakafuni, palepale alipokuwa, akavuta magoti kifuani. Hakulia tena. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu sana, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa maandishi madogo.

"Na mama?" akauliza. "Mama alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alikuwa amenishika mkono."

"Amekushika tu?"

Lazare akautazama mkono wake wa kulia. Jambo hili hakuwahi kulisema kwa padri wala kwa mtu yeyote, wala kwa Mungu kwa maneno kamili.

"Waliponiuliza habari za yule binti, kabla sijajibu, mama yako aliniminya. Kwa nguvu, mara moja. Na mimi nikajibu."

Armelle akautazama mkono uleule.

"Mpaka leo sijui alikuwa ananiambia niseme au nisiseme," Lazare akasema.

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Miaka tisa, Papa. Mlilala kitanda kimoja miaka tisa, mkanizaa, akanipa jina. Hukumuuliza?"

Lazare alitikisa kichwa. Aliogopa majibu yote mawili, akasema, na Goreth alipougua yeye mumewe alijua kabisa kwamba sasa ndio wakati, akakaa kando ya kitanda siku nne akimpa maji kwa kijiko, akaogopa bado. Armelle akainuka kwa kushika ukuta. Akarudi chumbani kwake, na Lazare akasikia ufunguo ukizungushwa mara mbili. Zilikuwa zimebaki siku tisa za kukaa ndani, na nyumba ile ilikuwa na jiko moja na choo kimoja.